Chumvi, Batri na Damu: Ioni ni Nini, na Inatuhusu Nini Sisi Watu wa Mgodi?



Siku ya mshahara iliyopita kijana mmoja wa karakana aliletwa dispanseri, mkono wake umefungwa kitambaa, macho yanamtoka machozi, naye anakohoa. Alikuwa amefungua batri kubwa iliyochoka na kumimina ndani yake maji ya chumvi, kisha akaiweka kwenye chaji. Rafiki yake alikuwa amemwambia kwamba maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo batri itapata nguvu mpya. Batri haikupata nguvu. Maji yake makali yalimrukia mkononi, na moshi uliotoka ulimchoma koo.

Nilimwosha mkono kwa maji mengi, dakika ishirini kwa saa. Alipopata nafuu aliniuliza swali. (Wagonjwa wananiita Dokta, ingawa mimi ni msaidizi tu.)

“Dokta, mtu akiharisha sana mnamtundikia serumu, na nimesikia serumu ni maji ya chumvi. Sasa kama chumvi inampa mtu nguvu, kwa nini batri inaikataa?”

Watu waliokuwa pale walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lile ni zuri, na jibu lake linaweza kuokoa mkono wa mfanyakazi na roho ya mtoto. Jibu ni neno moja fupi: ioni. Mwezi huu tujifunze neno hilo polepole, hatua kwa hatua.

ATOMU NA MADENI YA KANTINI

Kila kitu unachokishika, jiwe la kasiterite, jani la sombe, maji ya mto Lualaba, hata ngozi yako, kimejengwa kwa vipande vidogo mno vinavyoitwa atomu. Ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Atomu zikishikana pamoja, kundi lao linaitwa molekuli. Molekuli moja ya maji, kwa mfano, ni atomu moja ya oksijeni iliyoshikana na atomu mbili za hidrojeni.

Katikati ya atomu kuna kiini. Ndani ya kiini mna protoni, zenye umeme wa chanya, ule ulioandikwa + juu ya batri. Mna pia nyutroni, zisizo na umeme. Nje ya kiini zinazunguka elektroni, zenye umeme wa hasi, alama yake ni −. Kwa kawaida hesabu ya protoni na hesabu ya elektroni ni sawa. Chanya na hasi zinafutana, na atomu nzima haina umeme wowote.

Tufananishe na mambo tunayoyajua. Tuseme protoni ni pesa za mshahara, na elektroni ni madeni yaliyoandikwa katika daftari la kantini. Mtu mwenye faranga 11 na deni la faranga 11, akilipa yote, anabaki na sifuri. Hivyo ndivyo ilivyo atomu ya sodiamu: protoni 11, elektroni 11, jumla sifuri.

Sasa tuseme mtu mwingine anakubali kulichukua deni moja la yule wa kwanza. Wa kwanza anabaki na mshahara 11 na deni 10: amekuwa na moja ya ziada, yaani +1. Yule aliyelipokea deni anakuwa na upungufu wa moja, yaani −1. Hakuna pesa iliyozaliwa wala iliyopotea. Deni limehama tu.

Atomu nazo hufanya hivyo. Atomu iliyopoteza elektroni inakuwa na umeme wa chanya. Atomu iliyopokea elektroni inakuwa na umeme wa hasi. Atomu, au kundi la atomu, lenye umeme wa namna hiyo ndilo linaloitwa ioni. Wengi huteleza hapa: wanadhani kupoteza ni kuwa hasi. Kumbuka kwamba elektroni ni deni. Anayepoteza deni anapata faida.

KWA NINI ZINAPEANA?

Elektroni zinakaa kwa safu, kama abiria katika kamioni. Safu ya kwanza ina nafasi 2, ya pili ina 8, na atomu hutulia pale safu yake ya nje inapokuwa imejaa. Sodiamu ina 2, kisha 8, kisha abiria 1 peke yake nyuma. Huyo wa nyuma hana mwenzake, na ni rahisi kushuka. Klorini ina elektroni 17: 2, kisha 8, kisha 7. Inahitaji mmoja tu ili safu yake itimie 8. Sodiamu na klorini zikikutana, yule mmoja anahama. Sodiamu inakuwa ioni ya chanya, klorini inakuwa ioni ya hasi. Chanya na hasi huvutana, nazo zinapangana moja kwa moja, safu kwa safu, mpaka punje ngumu inatokea. Punje hiyo ndiyo chumvi ya jikoni.

Angalieni ajabu hii. Sodiamu peke yake ni madini laini yanayowaka na kuruka yakiguswa na maji. Klorini peke yake ni gesi ya sumu, ya kijani-njano. Tarehe 22 mwezi wa Aprili 1915 Wajerumani waliifungulia gesi hiyo kule Ypres, Ubelgiji, na askari wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Lakini elektroni moja ikihama kutoka kwa sodiamu kwenda kwa klorini, sumu hizo mbili zinakuwa kitoweo cha sombe. Vitu ni vilevile, ila umeme wake umebadilika. Kwa hiyo tusiseme “klorini ni klorini tu.” Tuulize kwanza: ni gesi, au ni ioni?

JARIBIO LA TOCHI

Mwaka 1834 Mwingereza Michael Faraday alitumia neno ioni, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kwenda, kwa sababu aliona kwamba ndani ya maji yenye umeme kuna vitu vinavyosafiri. Miaka 50 baadaye, mwaka 1884, kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, aliandika kwamba chumvi ikiyeyuka katika maji inaachana na kuwa vipande vyenye umeme. Walimu wake hawakumsadiki, wakampa alama ndogo. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa sababu ya wazo hilohilo.

Nanyi mnaweza kuona kwa macho yenu. Chukua mawe matatu ya tochi, kataa kadogo ka tochi, na vipande vya waya. Panga bilauri tatu: ya kwanza maji safi ya mvua, ya pili maji ya mvua yenye sukari, ya tatu maji ya mvua yenye chumvi. Chovya ncha mbili za waya zisigusane. Katika maji ya mvua taa haiwaki. Katika maji ya sukari haiwaki vilevile. Katika maji ya chumvi inawaka.

Sababu ni hii. Molekuli ya maji ina upande ulioelekea chanya na upande ulioelekea hasi. Maji yanaizunguka punje ya chumvi, yanazivuta ioni zake moja moja na kuzisambaza. Ioni za chanya zinakwenda upande huu, za hasi upande ule, nazo zinabeba umeme. Sukari inayeyuka, lakini molekuli zake zinabaki nzima bila umeme, basi hakuna wa kubeba.

Wazazi, jaribio hili ni la mawe ya tochi TU. Asilifanye mtoto kwa umeme wa jenereta au wa nyumba, hata siku moja. Na hapa ndipo linapopatikana somo la kwanza la kazini: jasho ni maji ya chumvi. Ngozi kavu inauzuia umeme kidogo, lakini ngozi yenye jasho ina ioni juu yake, na umeme unapita kwa urahisi. Maji ya shimo yaliyoyeyusha madini nayo ni hivyohivyo. Mkono uliolowa usiguse waya, swichi wala pampu.

MWILI WAKO NI MAJI YENYE IONI

Damu yako ina chumvi karibu sawa na serumu, na serumu ya kawaida ni gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji. Nje ya kila chembe ya mwili kuna ioni nyingi za sodiamu. Ndani ya chembe kuna ioni nyingi za potasiamu, ile inayopatikana katika ndizi, maharagwe na majani ya mboga. Unapotaka kuinua sururu, mshipa wa fahamu unafungua vijilango vidogo, sodiamu inaingia ndani, na umeme mdogo unakimbia kutoka kichwani mpaka kwenye msuli. Kisha mwili unazirudisha ioni mahali pake, tayari kwa pigo la pili. Moyo nao unapiga kwa njia hiyo.

Wazee wetu hawakulijua neno ioni, lakini walijua kwamba bila chumvi mtu analegea. Chumvi ya Uvinza, kule Tanganyika, ilivushwa ziwa na kuuzwa mpaka huku Maniema. Na mahali pengi katika misitu ya Kongo watu walichoma majani ya majini, wakachuja majivu yake na kupata chumvi. Chumvi hiyo ya majivu ilikuwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu.

Mtu anayefanya kazi nzito mahali pa joto anaweza kutoa jasho lita moja kwa saa, pengine zaidi. Zamani migodi mingi iliwagawia wafanyakazi vidonge vya chumvi. Siku hizi hatushauri hivyo, maana chumvi nyingi inapandisha damu. Mtu mzima inamtosha chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Shauri letu ni hili: kula chakula kabla ya zamu, usije kazini na tumbo tupu. Kunywa kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 au 20 wakati wa joto, usingoje kiu. Na lutuku si maji. Inakufanya ukojoe maji uliyo nayo.

MTOTO ANAYEHARISHA: KOSA LANGU MIMI

Hapa nitasema jambo ambalo si rahisi kulisema. Nilipokuwa mgeni wa kazi, katika dispanseri nyingine, mama mmoja aliniletea mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa anaharisha. Watu walikuwa wengi. Nilimwambia, “Mama, mpe maji mengi,” nikamgeukia mgonjwa mwingine. Yule mama alinitii. Usiku kucha alimpa mtoto maji matupu, kikombe baada ya kikombe. Asubuhi alirudi akikimbia: mtoto ana degedege.

Mama hakukosa. Mimi ndiye niliyekosa. Mtoto aliyeharisha hakupoteza maji tu, alipoteza maji pamoja na sodiamu na potasiamu. Nilipomjaza maji matupu, ioni chache zilizobaki katika damu yake zikazidi kuwa haba, na ubongo ukavimba kidogo. Mganga mkubwa alimtibu siku tatu, akapona, namshukuru Mungu. Tangu siku ile sikumwambia tena mama yeyote “mpe maji” bila kumwonyesha maji gani.

Maji yenyewe ni haya. Kama una pakiti ya dispanseri, ivunje katika lita 1 ya maji safi, isizidi wala isipungue. Ndani yake mna gramu 2,6 za chumvi, gramu 1,5 za chumvi ya potasiamu, gramu 2,9 za sitrati na gramu 13,5 za glukosi, kama lilivyopanga Shirika la Afya Duniani. Kama huna pakiti: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visifurike. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi chumvi, yamwage, uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi nayo inamwua mtoto.

Wengine huuliza: sukari ya nini, ikiwa haina umeme? Katika ukuta wa utumbo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi huupita pamoja, kama watu wawili wenye tiketi moja. Hayo alieleza mtaalamu Robert Crane mwaka 1960. Sodiamu ikipita, maji yanaifuata. Kuhara kunaharibu milango mingi, lakini huu kwa kawaida unabaki wazi, hata kwa kipindupindu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, serumu ilikwisha katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari kwa kikombe, wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa karibu 30 katika kila 100. Baadaye hawakufika 4. Na sisi wa mashariki ya Kongo tunakumbuka Goma, mwaka 1994: kwa muda wa mwezi mmoja walikufa wakimbizi karibu 50.000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ugonjwa huo bado unazunguka kandokando ya ziwa Tanganyika, na barabara ya kutoka huko inafika kwetu.

Mnyweshe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena. Endelea kumnyonyesha. Dispanseri itampa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na zinki nayo inafanya kazi mwilini ikiwa ioni. Mlete mbio ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hakojoi, hawezi kunywa, au kuna damu katika choo.

SASA TURUDI KWENYE BATRI

Molekuli nayo inaweza kugeuka ioni. Ndani ya batri kubwa mna asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Molekuli ya asidi inaachilia hidrojeni yake, lakini elektroni ya hidrojeni inabaki nyuma. Basi hidrojeni inatoka ikiwa ioni ya chanya, na kundi lililobaki linakuwa ioni ya hasi iitwayo salfati. Ioni hizo zinakwenda na kurudi kati ya bamba za risasi, na kazi hiyo ndiyo inayowasha taa. Ioni za hidrojeni zikiwa nyingi ndizo zinazochoma ngozi, nguo na macho.

Yule kijana alipotia chumvi alileta mgeni asiyealikwa: ioni za klorini. Mgeni huyo anakula bamba za risasi, na wakati wa kuchaji ananyang'anywa elektroni yake ya ziada, anarudi kuwa ile gesi ya sumu. Ndiyo maana alikohoa. Kwa hiyo jibu lako, mdogo wangu, ni hili: mwili na batri vyote vinaishi kwa ioni, lakini kila kimoja kina zake. Sodiamu na klorini ni wenyeji wa damu, ila katika batri ni wezi.

Anayeshughulikia batri ashike sheria hizi. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu, si ya mto wala ya bomba. Ukichanganya asidi, mimina asidi ndani ya maji polepole, usimimine maji ndani ya asidi, maana itachemka na kuruka. Vaa miwani na glavu. Usivute sigara karibu na batri inayochajiwa, inatoa hidrojeni inayolipuka. Asidi ikikugusa, osha kwa maji mengi dakika 20 kwanza, kisha njoo dispanseri. Usipake mafuta ya mawese.

Batri za simu na za taa mpya za kofia ni za namna nyingine: zina ioni za litiamu, madini yanayopatikana hata Manono, kusini yetu. Hizo hazitaki kutobolewa, kupigwa wala kuwekwa juani. Ikivimba, iache. Usichaji simu chini ya mto wa kulalia.

IONI NYINGINE ZA KUANGALIA NYUMBANI NA KAZINI

Javeli. Dawa hii ya kufulia na kuua vijidudu ina ioni yenye klorini na oksijeni. Ikichanganywa na asidi yoyote, maji ya batri, siki au dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi ya klorini. Akina mama, javeli ichanganywe na maji tu.

Baruti. Baruti nyingi ya migodi imetengenezwa kwa nitrati ya amonia. Ni chumvi pia: ioni moja ni nitrati, ya pili ni amonia iliyopokea ioni ya hidrojeni. Inayeyuka upesi katika maji, na jicho haliioni. Nitrati ikiingia katika maji ya kisima, tumboni mwa mtoto mchanga inageuka na kuharibu damu isiweze kubeba hewa. Midomo ya mtoto inakuwa ya buluu. Basi mifuko mitupu ya baruti isirudishwe nyumbani kuwekea mchele, unga au chumvi, hata kama imefuliwa.

Sianidi. Viwanda vya dhahabu, kama kile cha Namoya, Kabambare, kilichoanza kutoa dhahabu kibiashara mwaka 2016, hutumia ioni ya sianidi, kwa sababu inaishika dhahabu na kuiyeyusha. Inaua mtu kwa kuzuia chembe za mwili zisitumie hewa. Maji ya namna hiyo hutiwa chokaa, maana yakikutana na asidi sianidi inaruka ikiwa gesi. Usinawe, usivue samaki wala usichote maji katika bwawa la kiwanda.

Wala tusifikiri sianidi ni ya kiwandani tu. Muhogo mchungu unayo. Ndiyo maana mama zetu wanauloweka siku tatu na kuuanika juani. Wakati wa njaa watu huikata siku hizo, na hapo hatari inaingia. Konzo, ugonjwa wa kukaza miguu uliojulikana Kwango tangu miaka ya 1930, unatokana na muhogo wa namna hiyo. Tena mwili unaigeuza sianidi kuwa ioni nyingine, na ioni hiyo inaizuia ioni ya iodini isiingie katika tezi ya shingo. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, waganga walichunguza rovu nyingi na kuona sababu hizo mbili pamoja: iodini haba na muhogo usioandaliwa vema. Loweka muhogo mpaka ulainike kabisa, nunua chumvi yenye iodini, ifunike, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

MIONZI

Iko njia moja zaidi ya kuitengeneza ioni: kumnyang'anya elektroni kwa nguvu. Mionzi ya radiografia, na ile inayotoka katika madini ya urani, ikipita mwilini inazipiga elektroni na kuzitoa mahali pake. Molekuli zilizovunjwa hivyo ndani ya chembe zinaweza baada ya miaka kuleta kansa. Radiografia ya kifua inatumia mionzi kidogo sana, nayo inatuonyesha kifua kikuu na vumbi la mawe katika mapafu. Usiikimbie. Lakini mama mwenye mimba aseme kwanza. Koltani nayo mara nyingi ina urani na thori kidogo ndani yake. Mifuko ya madini isilale chumbani pamoja na watoto, na vumbi lake lisivutwe.

TUKUMBUKE

1. Atomu ikipoteza elektroni inakuwa ioni ya chanya. Ikipokea, inakuwa ya hasi.
2. Mkono wenye jasho usiguse umeme.
3. Mtoto anayeharisha: lita 1, sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko. Si maji matupu.
4. Batri haitaki chumvi. Asidi ikikugusa, maji dakika 20.
5. Javeli na asidi havikai pamoja.
6. Mfuko wa baruti si mfuko wa chakula.
7. Muhogo mchungu usikatiwe siku zake.

Yule kijana amepona, kovu limebaki dogo. Juzi nilimwona mlangoni kwa dispanseri na mtoto wa dada yake mgongoni, anaharisha. Mkononi alikuwa na chupa ya lita moja, nusu imekwisha kunywewa. Nilionja yale maji. Hayakuzidi chumvi ya machozi. Nilimwambia tu, “Vema, mdogo wangu. Endelea hivyohivyo.”

Mwenye swali alilete dispanseri, au ampe kapita wake aliandike. Tutajibu katika ukurasa huu.